Kwa nini matundu yale bado matupu

Sahibu yangu,

Salamu sana, na uwafikishie wote walio nawe. Orodha yako ya mapengo kumi na moja nimeipata, pamoja na swali lako la kichokozi: inakuwaje albamu yangu ya sarafu, ambayo ni kongwe kuliko yako, bado ina matundu matupu, tena mengine kwenye kurasa za mbele kabisa anakoanzia mgeni kutazama? Unashuku ubahili. Umo kidogo, sikatai. Lakini mengi ya matundu yale yamebaki wazi kwa sababu nyingine kabisa, na kabla hujatoa hela kuziba ya kwako, tuyapitie kwanza, maana angalau matatu kati ya hayo kumi na moja si mapengo hata kidogo.

Muulize kwanza aliyetoboa tundu. Albamu inayouzwa ikiwa imekwisha tobolewa hufuata hesabu za kiwanda cha kufulia sarafu, na hesabu hizo zina tabia zake. Chukua dola ya fedha ya Marekani iitwayo Morgan, ya 1895 isiyo na alama ya kiwanda, uliyoiweka namba mbili. Rejista inasema zilifuliwa 12,000 za kutumika, lakini hakuna hata moja iliyothibitishwa. Zinazojulikana zote zinatokana na zile 880 zilizofuliwa maalumu kwa wakusanyaji, zenye uso kama kioo, na chache kati ya hizo ziliponyoka zikachakaa mifukoni mwa watu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha ya 1895 iliyochakaa, geuza upande wa tai, weka lenzi chini ya shada, juu ya neno DOLLAR, mahali ambapo herufi O au S ingekaa. Ukiona uwanja umekwanguliwa pale, au rangi imebadilika kwenye kiduara kidogo, hiyo ilikuwa sarafu ya New Orleans au San Francisco iliyonyang'anywa herufi yake.

Rejista hufuata mwaka wa kazi, na mwaka wa kazi si lazima uwe ule uliochongwa. Katika 1804 kiwanda cha Marekani kilifua dola 19,570, lakini kwa kalibu za zamani zenye 1803 au mwaka wa nyuma yake. Kalibu nzima haikutupwa eti kwa sababu mwaka umegeuka. Dola zenye 1804 usoni zilianza kufuliwa miaka thelathini baadaye, 1834, kwa ajili ya seti za zawadi za kidiplomasia, na mmoja wa waliopelekewa ni Sayyid Said bin Sultan wa Muskat, yuleyule aliyehamishia makao yake Unguja. Nyingine zikaongezwa baadaye kinyemela. Zinazojulikana zote ni 15. Tundu hilo lifute kwa penseli bila huzuni. Peni ya Uingereza ya 1933 ifanyie hivyohivyo: mwaka ule peni zilikuwa nyingi madukani, hazikuhitajika mpya, zikafuliwa chache tu, baadhi zikiwa za kufukiwa chini ya mawe ya msingi ya majengo. Anayekuuzia peni ya 1933 anakuuzia nakala, au ya mwaka mwingine iliyochezewa tarakimu.

Halafu kuna zilizozaliwa kweli, zikafia tanurini. Kwa Sheria ya Pittman ya Marekani ya 1918 ziliyeyushwa dola za fedha 270,232,722, na waliozitia motoni hawakuandika tarehe za walichotia. Ndiyo maana idadi iliyofuliwa haikuambii iliyobaki. Mwaka wenye mamilioni unaweza kukutoa jasho, na mwaka wenye laki chache ukapatikana kirahisi kwa sababu mifuko yake ilikaa hazina ikiwa imeshonwa. Rupia ya India ya 1911 ina kisa chake: kwenye joho la mfalme George V alichongwa tembo wa nishani, mkonga mfupi, na watu waliomtazama wakaona nguruwe. Waislamu wakachukia, rupia ikazuiwa, nyingi zikayeyushwa, na kuanzia 1912 tembo akachongwa upya. Tundu langu la 1911 liko wazi kwa sababu nataka iliyo na joho linalosomeka. Rupia ya 1911 iliyosuguka hadi mnyama haonekani inanipa mwaka tu, na mwaka wenyewe sikuwa na shida nao.

Pengo ninalolipenda kuliko yote ni la mfalme Edward VIII wa Uingereza. Alitawala Januari hadi Desemba 1936, akajiuzulu kabla sarafu zenye kichwa chake hazijaanza kutumika Uingereza. Kichwa chake, basi, hutakipata kwa njia ya kawaida. Ila jina lake lipo, tena kwa wingi, kwenye sarafu zenye tundu katikati ambazo hazikuhitaji kichwa: senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki, peni na nusu peni za Afrika Magharibi ya Kiingereza, peni ya Fiji, peni ya New Guinea, zote za 1936. Hapo wengi huteleza. Senti 5 na 10 za Afrika Mashariki za mwaka huo zimefuliwa kwa majina mawili, la George V na la Edward VIII. Pembe za ndovu zinazokumbatia tundu ni zilezile, taji ni lilelile, muuzaji huziweka kopo moja na kuandika "1936". Usisome mwaka, zungusha sarafu usome EDWARDVS VIII. Na kila moja ina sura tatu: isiyo na herufi ya kiwanda, yenye H ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na yenye KN ya King's Norton. Kwenye orodha yako umeandika "Edward VIII, EA, 1936" kama pengo moja. Ni mapengo sita, na yote ya bei nafuu. Anzia hapo.

Sasa nije kwenye matundu ambayo sarafu zake zipo, zinauzwa, na bado siyazibi. Kinachonizuia ni kughushiwa, na hapa nitakaa kidogo.

Senti ya Marekani ya 1914 yenye D ya Denver huuzwa sana ikiwa imetengenezwa kutokana na ya 1944-D. Fundi hukwangua 4 ya kwanza ikabaki 1. Lakini nafasi haidanganyi: kwenye bandia, kati ya 9 na 1 kuna uwazi mpana kuliko wa halali, kwa sababu 4 ilikuwa pana kuliko 1. Pili, tazama ukingo wa bega la Rais Lincoln, ambaye kichwa chake kiko usoni. Herufi V.D.B., za jina la mchongaji, ziliwekwa pale 1918, kwa hiyo senti ya 1914 haziwezi kuwa nazo. Fundi mwerevu huzikwangua pia, basi tafuta mikwaruzo au ulaini usio wa kawaida hapo begani. Njia nyingine ya kughushi ni kubandika D kwenye 1914 ya kawaida. Shika sarafu mshazari chini ya lenzi ya mara 10 utazame tako la herufi: iliyofuliwa huinuka kutoka kwenye uwanja bila mshono, iliyobandikwa huwa na mstari mwembamba wa gundi kuizunguka. Senti ya shaba ya 1943 ni rahisi zaidi kuikataa. Za mwaka huo zilikuwa za chuma, gramu 2.7, na sumaku huzivuta. Ya shaba inapaswa kuwa karibu gramu 3.11 na sumaku isiiguse. Ikipita hapo, chunguza 3, maana ya 1948 iliyokatwa nusu ya 8 nayo ni ya shaba, nayo ina gramu 3.11.

Kwa fedha na dhahabu, mizani peke yake haitoshi. Sarafu iliyochakaa hupungua uzito kihalali, ila msongamano wa madini yake haubadiliki hata ikisuguka vipi. Hicho ndicho cha kupima. Unahitaji mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, bilauri ya maji, na uzi mwembamba wa nailoni (uzi wa pamba hunywa maji ukaharibu hesabu). Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka bilauri yenye maji juu ya mizani, rudisha usomaji kuwa sifuri. Funga sarafu kwa uzi, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, soma. Namba hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo. Kinachoharibu mara nyingi ni vipovu vya hewa vilivyonasa kwenye herufi: vinaongeza maji yanayosukumwa, sarafu njema inaonekana mbovu. Tone moja la sabuni ya maji kwenye bilauri huviondoa.

Riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, kwa mfano, ina gramu 28.07 na fedha sehemu 833 kwa elfu. Ikizamishwa inapaswa kusukuma karibu gramu 2.75, yaani msongamano wa 10.2. Ikisoma 3.1 umepata 9.05, hapo una shaba au kitu cha jamaa yake kilichopakwa fedha. Ila usishangilie kila 10.2. Risasi ikichanganywa na bati, takriban nne kwa moja, nayo hufika hapohapo. Mchanganyiko huo ni laini, na ukiugonga taratibu ukiwa umeuweka kwenye ncha ya kidole mlio wake hufa papo hapo. Kisha tazama ukingo. Riale halali ina maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yakizunguka ukingoni, na sarafu ya kusubu hushindwa hapo kwanza: utaona mshono wa kalibu mbili, au herufi zilizovimba kama zimelowa.

Kwa nini basi nina safu nzima ya riale yenye matundu saba na sarafu moja? Kwa sababu zote zimeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia mwenyewe, na zikaendelea kufuliwa kwa tarehe hiyohiyo Vienna, kisha katika karne ya ishirini Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na Birmingham. Tundu hapo ni la kiwanda, na kiwanda kinajulikana kwa vitu vidogo mno: lulu za bruchi begani, manyoya ya mkia wa tai, umbo la alama ya X baada ya tarehe. Ninaweza kununua riale kesho asubuhi. Siwezi kuapa kwamba ni ya Roma. Kibandiko cha ile niliyo nayo kinasema "1780, kiwanda hakijatambuliwa", na matundu mengine yatabaki wazi mpaka nipate za kuzilinganisha bega kwa bega.

Ya dhahabu uliyoitamani, rupia 15 ya Tabora ya 1916, yenye tembo na mlima nyuma yake, ni hadithi ya aina hiyohiyo. Wajerumani walikuwa wamezingirwa vitani, wakaifua Tabora wenyewe, vipande 16,198, gramu 7.168 kila kimoja, dhahabu sehemu 750 kwa elfu. Ina sura mbili, zinazotofautishwa na mahali nakshi inapoishia chini ya neno OSTAFRIKA: chini ya T au chini ya A. Umeandika pengo moja tena, ni mawili. Hesabu ya maji hapa ni finyu. Kwa sababu haijulikani kirahisi kiasi gani cha mchanganyiko ni shaba na kiasi gani fedha, msongamano unaweza kuwa kati ya 15 na 16, yaani inasukuma gramu 0.45 hadi 0.48 tu. Mizani ya kusoma 0.1 itakuambia 0.4 au 0.5, ambazo hazina maana yoyote. Ya 0.01 inatosha kukataa shaba nyeupe au njano iliyopakwa, lakini haitoshi kukubali, kwani mwenye kughushi kwa faida ya namna hiyo hutumia dhahabu kweli. Sarafu ya kiwango hicho inunuliwe ikiwa imekwisha pita mikononi mwa wakaguzi wanaoifungia kwenye kasha lenye namba, na namba yenyewe uilinganishe na picha kwenye kumbukumbu zao, maana makasha nayo hughushiwa. Mimi tundu lile nimeliacha. Hapo unaweza kusema ubahili, nitakubali.

Matundu mengine yamebaki kwa ajili ya hali ya sarafu. Za fedha zilizotumika kama mapambo huja na tundu lililozibwa karibu na juu ya kichwa, au alama ya lehemu ukingoni mahali palipokuwa na pete ya kuning'inizia. Ziba lililofanywa vizuri huonekana kwa rangi tu, fedha mpya nyeupe kidogo kuliko ya zamani, na herufi iliyochongwa tena kwa mkono haina bega lilelile na jirani zake. Zilizosafishwa ni balaa kubwa zaidi kwa sababu muuzaji hujisifu kwa kuzisafisha. Ielekeze taa moja juu ya sarafu, uizungushe polepole: iliyo salama hutembeza mng'aro kama tairi la baiskeli, iliyosuguliwa hung'aa yote kwa pamoja bila kutembea, na ndani ya mng'aro mna mikwaruzo miembamba inayokwenda upande mmoja. Shaba iliyosafishwa huwa ya rangi ya waridi. Haitarudi. Naona heri tundu tupu kuliko sarafu ya waridi, maana ukishaweka ya waridi unaacha kutafuta.

Na kuna matatu yaliyokuwa yamejaa, yakafunguka tena. Vifuko laini vya plastiki vyenye PVC, vile vinavyonuka kama pazia jipya la bafu, hutoa klorini baada ya muda, na sarafu hufanya utando wa kijani unaonata. Ukiona wa kwako umeanza, tumia asetoni safi kabisa. Ya kuondolea rangi ya kucha iliyotiwa manukato na mafuta haifai. Mimina kwenye bakuli la kioo, kamwe si la plastiki, mbali na moto, dirisha wazi. Laza sarafu dakika tano hadi kumi, ihamishie kwenye asetoni mpya kwa kijiti cha mwanzi, rudia mpaka asetoni ya mwisho isibadilike rangi, kisha isimamishe ukingoni ikauke yenyewe. Usisugue. Asetoni inaondoa utando, haiondoi vishimo ambavyo utando umekwisha kula, na hapo ndipo tundu langu linapofunguka upya. Kijani cha unga unaorudi kila ukiufuta ni jambo jingine, ni kloridi ndani ya shaba yenyewe. Hiyo itenge na nyingine zote kwanza, dawa ifuate. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 40 hivi, kwa kupachika vifuko vya silika na kuvibadilisha, ugonjwa wote huo hupungua sana. Na zile kadi za kukunja zenye kidirisha: bonyeza pini za stepla zilale bapa kwa koleo, la sivyo hukwaruza sarafu ya kadi inayofuata.

Kila tundu tupu kwangu lina kiduara cha karatasi isiyo na asidi, kilichokatwa kwa kipenyo cha sarafu. Upande wa mbele kuna mwaka, kiwanda, gramu na milimita. Upande wa nyuma kuna sababu, kwa neno moja: haipo, iliyeyushwa, sijui, ghali, mbovu. Ikiwa ni "sijui", naandika ninachopaswa kujua. Hilo neno ndilo la kazi, yale mengine ni taarifa tu. Likibadilika, nafuta naandika jipya kwa penseli ya 2B, wino hapana.

Nimekutia alama kwenye orodha yako: 1895, 1804 na 1933 futa. Edward nunua sita. Rupia ya 1911, subiri yenye mnyama. Riale andika kiwanda au usiandike kitu. Zile tatu za mwisho sizijui vya kutosha, nisikudanganye.

Ile 1914-D uliyowekewa, usiilipe bado. Piga picha mbili, ya tarehe na ya ukingo wa bega, taa ikitoka upande wa kushoto chini kabisa, karibu ilale mezani, ili vivuli virefuke. Sumaku na mizani havitakusaidia, kwa sababu ya 1944 nayo ni shaba. Nitumie nitazame ile nafasi kati ya 9 na 1.

Wako,
Sahibu yako